Mzazi Anapougua Akili: Mwongozo Kamili wa Kumshika Mkono Mtoto

Mtoto wa miaka tisa anarudi kutoka shuleni. Kabla hajausukuma mlango, anasimama kidogo na kusikiliza. Redio inaimba? Vyombo vinagongana jikoni? Au ni kimya? Kwa sauti hizo anajua leo atamkuta mama yupi: yule anayeuliza habari za shule, au yule aliyelala amegeukia ukutani tangu asubuhi. Hakuna aliyemfundisha kusikiliza hivyo. Amejifunza mwenyewe, na kazi hiyo anaifanya vizuri kuliko mtu mzima yeyote nyumbani humo.

Naanzia mlangoni hapo kwa sababu watu wazima wengi, mzazi anapougua akili, huanza na swali lile lile: tumwambie mtoto au tumfiche? Swali hilo limechelewa. Mtoto anayesikiliza mlangoni ameshajua kuna kitu. Asichokijua ni kitu hicho kinaitwaje, kimetoka wapi, na kama yeye ndiye aliyekileta. Mkimnyima maelezo atajitungia yake, na katika hadithi anayojitungia mkosaji huwa ni yeye mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa shangazi, mjomba, bibi, babu, mzazi asiyeumwa, mwalimu, au jirani anayemwona mtoto kila siku. Kama wewe ndiye mzazi unayeumwa, soma pia. Sehemu kubwa ya yaliyomo unaweza kuifanya mwenyewe, tena vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Ninaposema ugonjwa nina maana ya sonona (huzuni nzito isiyoisha), wasiwasi uliopitiliza, baipola (hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi), skizofrenia (kusikia au kuamini mambo yasiyokuwapo), na uraibu unaokwenda sambamba na hayo. Si mambo ya familia mbili tatu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili.

Hatua ya kwanza: pima hatari ya leo

Wazazi walio wengi wenye ugonjwa wa akili hawamdhuru mtoto wao kamwe. Nalisema hili mapema kwa sababu woga wa majirani na ndugu wakati mwingine huiumiza familia kuliko ugonjwa wenyewe. Hata hivyo zipo dalili zisizosubiri mazungumzo marefu:

- Mzazi anasema anataka kufa, anaaga watu, anagawa vitu vyake, au anasema ingekuwa afadhali yeye na watoto "waondoke wote".
- Anasikia sauti zinazomwamuru kufanya jambo, hasa linalomhusu mtoto; au anaamini mtoto amebadilishwa, au ndiye adui wake.
- Mama amejifungua karibuni, hapati usingizi hata kichanga kikilala, anaongea mfululizo maneno yasiyoshikana au anaona wasiyoyaona wengine. Hali hii huwapata mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo, na huweza kubadilika ndani ya saa chache. Ni dharura ya hospitali, sawa na kutokwa na damu nyingi.
- Mtoto mdogo hapewi chakula, anaachwa peke yake, anapigwa, au anasafiri kwenye gari linaloendeshwa na mzazi aliyelewa.

Ukiona mojawapo, usimwache mtoto peke yake na mzazi huyo. Piga simu ya dharura au mpeleke mzazi hospitali iliyo karibu, na uondoe dawa, sumu na vitu vyenye ncha kali karibu naye. Ongea kwa sauti ya chini. Usibishane na anachokiamini, maana hutamshinda na utampandisha zaidi.

Mtoto naye asisahauliwe katika pilikapilika hiyo. Mtu anayemfahamu amtoe chumbani na amweleze papo hapo: "Baba anaumwa sana leo. Tunampeleka kwa madaktari. Wewe unakuja kulala kwangu." Sentensi tatu tu. Mtoto aliyeona mzazi wake akibebwa kwa nguvu bila kuambiwa lolote hubaki na picha hiyo kwa muda mrefu, na kila siku anaiongezea maelezo ya kutisha.

Kama hakuna dalili hata moja kati ya hizo, vuta pumzi. Una muda wa kufanya mambo kwa utaratibu.

Hatua ya pili: anza na mzazi, si mtoto

Kosa la ndugu wenye nia njema ni kumzunguka mzazi. Wanamwita mtoto pembeni na kumwuliza, "Eti mama huwa anakufanyia nini?" Mtoto anahisi ameitwa kushtaki. Anafunga mdomo, na kesho ukija na swali zuri zaidi hafungui tena.

Mwendee mzazi siku aliyotulia. Usianze na ugonjwa, anza na mtoto: "Dada, naona siku hizi mwanao hatoki kucheza na wenzake. Wewe unamwonaje?" Kisha nyamaza. Mara nyingi mzazi ameshaliona hilo zamani, amejilaumu usiku kucha, na hofu yake kubwa ni kwamba umekuja kumnyang'anya watoto. Usimwahidi usichoweza kukitimiza. Mwambie tu kilichokuleta: unataka mtoto apate mtu wa kuongea naye siku ambazo yeye hana nguvu.

Daktari William Beardslee wa Boston, Marekani, alijenga njia yake ya kusaidia familia zenye mzazi mwenye sonona juu ya mpangilio huo huo: kwanza wazazi, halafu kila mtoto kwa wakati wake, mwisho familia nzima pamoja, mzazi mwenyewe akiwa ndiye msemaji. Hilo la mwisho nalipenda zaidi. Mtoto akisikia habari za ugonjwa kutoka mdomoni mwa mama yake, anapata pia ruhusa ya kuuliza.

Mwulize mzazi mambo matatu. Ugonjwa wake anauitaje yeye mwenyewe? Kitu gani yuko tayari mtoto akijue, na kipi bado? Na nani, kati ya watu wote, anamwamini kukaa na mtoto wake? Jibu la swali la tatu huenda lisikufurahishe. Labda atamtaja mtu mwingine, si wewe. Lipokee.

Akikataa kabisa mtoto asiambiwe lolote, usigombane naye. Jina la ugonjwa ni siri ya mzazi, lakini alichokiona mtoto kwa macho yake ni cha mtoto. Unaweza kumwambia, "Nimeona mama analia sana siku hizi, na nafikiri wewe pia umeona. Si wewe unayemliza." Hapo hujafichua siri ya mtu.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: mzazi anapokwenda kliniki, hakikisha daktari anajua ana watoto. Tangu mwaka 2010 sheria ya Norway inawataka wahudumu wa afya wamwangalie mtoto wa mgonjwa wao: kama yupo, ana umri gani, na anahitaji kuelezwa nini. Kwingine kwingi hakuna anayeuliza, kwa hiyo sema wewe: "Ana watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine 11. Tuwaambieje?"

Hatua ya tatu: mweleze mtoto

Usimkalishe mezani kama mtu anayefanyiwa usaili. Ongea naye mkiwa njiani, mkiosha vyombo, mkichora. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hulegea. Dakika kumi zinatosha kwa siku ya kwanza. Maelezo haya hayatolewi mara moja yakaisha, yatarudiwa na kukua pamoja na mtoto.

Mambo ya kufikisha ni manne. Kwamba huu ni ugonjwa, na una jina. Kwamba si yeye aliyeusababisha. Kwamba si kazi yake kuuponya. Na kwamba yupo mtu mzima anayeshughulikia, mtaje kwa jina. La pili liseme hata kama hajauliza. Hasa kama hajauliza. Mtoto hawezi kuja kukuambia, "Nafikiri baba aliacha kula kwa sababu nilivunja kikombe." Ndiyo sababu lazima umtangulie: "Watoto wengine hufikiri mzazi ameugua kwa sababu walipiga kelele, au walifanya vibaya mtihani. Ugonjwa huu hauji hivyo."

Namna ya kusema inategemea umri.

*Chini ya miaka 3.* Maneno hayana kazi kubwa hapa. Uso ndio lugha. Katika miaka ya 1970 mtafiti Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na vichanga vyao kama kawaida, kisha wakaze nyuso bila kuonyesha hisia yoyote kwa dakika chache. Vichanga vilitabasamu, vikanyoosha mikono, vikapiga kelele kumrudisha mama. Aliposhindwa kurudi, vikageuza vichwa na kuinama. Mama alipouachia uso wake, kichanga naye akaanza kurejea mchezoni. Kwa hiyo kama mama ana sonona, usimchukue mtoto siku nzima. Mpe mama apumzike, halafu mrudishie mtoto kwa dakika chache za kutazamana na kuimbiana, na hizo dakika nyingine uso wako wewe ufanye kazi.

*Miaka 3 hadi 6.* Sentensi fupi, vitu vinavyoonekana. "Mama ana ugonjwa unaoitwa sonona. Unamfanya awe na huzuni na achoke, hata kama amelala. Huwezi kuambukizwa ukimkumbatia. Anti atakupikia leo." Atakuuliza swali hilo hilo kesho, na keshokutwa. Si kwamba hakusikia. Anahakikisha jibu halijabadilika.

*Miaka 7 hadi 11.* Hawa wanataka kujua unavyofanya kazi. Waambie ubongo ni kiungo kama moyo na mapafu, nao huugua. Ubongo ukiugua, dalili zake huonekana kwenye hisia, fikra na tabia. Mweleze pia kuhusu dawa: dawa nyingi za sonona huchukua kati ya wiki 2 na 6 kabla ya mtu kuona nafuu. Mtoto asiyejua hilo atamtazama baba siku ya tatu, amwone yuko vile vile, aamini dawa zimeshindwa.

*Kuanzia miaka 12.* Kijana ameshatafuta kwenye intaneti. Mwulize amesoma nini kabla hujaanza kumfundisha. Ana hasira, na hasira yake ina haki. Anaweza kumpenda mzazi na kuchoshwa naye siku moja. Mwambie hayo mawili yanakaa pamoja. Usimwambie "mvumilie tu mzazi wako". Amekuwa akimvumilia tangu ana miaka mitano.

Maswali magumu yatakuja, na hayaji muda uliojiandaa. Yanakuja ukiwa umeshika sufuria ya moto.

"Nami nitaugua?" Jibu ukweli. Hatari inaongezeka, lakini si hukumu. Mtoto wa mzazi mwenye sonona ana uwezekano wa kuipata ulio mara mbili hadi tatu ya ule wa mtoto mwingine. Skizofrenia hupata takriban mtu 1 kati ya 100; mzazi mmoja akiwa nayo, ni takriban mtoto 1 kati ya 10. Geuza hesabu hiyo upande wa pili ili kijana aione vizuri: 9 kati ya 10 hawaipati. Kisha mwambie yale yaliyo mkononi mwake: usingizi, kuepuka bangi na pombe hasa katika umri wake, na kumwambia mtu mapema akianza kujihisi vibaya.

"Baba hanipendi?" Ugonjwa unaweza kumfanya mtu ashindwe kuonyesha upendo, kama vile homa inavyoweza kumzuia kusimama. Lakini kama mzazi amemtukana au kumpiga, usiufanye ugonjwa kuwa kisingizio cha kila kitu. "Baba anaumwa, na kukupiga si sawa." Vyote viwili viseme.

"Mama atakufa?" Hili usilikwepe. Kama mzazi alijaribu kujiua na mtoto anajua au amesikia, mwambie kwa maneno ya wazi kwamba mama alijiumiza kwa sababu ugonjwa ulimzidi, kwamba sasa yuko mahali anapoangaliwa, na kwamba kumlinda ni kazi ya watu wazima. Usiape kwamba halitatokea tena. Ahidi unachokimudu: "Chochote kikitokea, sitakuficha."

"Niwaambie wenzangu?" Msaidie atofautishe siri na faragha. Siri hakuna anayeruhusiwa kuijua, nayo inakaba koo. Faragha ni yeye kuchagua amwambie nani. Mpe sentensi moja ya kuwajibu wenzake wadadisi, kwa mfano "Mama anaumwa, anatibiwa", mwifanyie mazoezi hadi aitamke bila kigugumizi.

Kuna maneno ya kuyafuta kabisa. "Mama amechoka tu" huwa uongo ufikapo mwezi wa pili. "Kichaa" humwumiza mtoto kuliko anavyoonyesha. Baya kuliko yote, linalotamkwa kwa upole kabisa, ni hili: "Ukiwa mtoto mzuri, baba atapona." Baba asipopona, na ugonjwa wa aina hii mara nyingi hurudi, mtoto atajua kosa ni la nani.

Hatua ya nne: rudisha saa ya nyumbani

Ugonjwa wa akili huivuruga saa ya nyumba kabla ya kuvuruga kitu kingine. Rudisha mambo machache tu: saa ya kula, saa ya kulala, shule, na muda wa kucheza. Usijaribu kutengeneza kila kitu. Nyumba yenye vumbi ambamo chakula cha jioni kinapatikana saa ile ile kila siku inamtuliza mtoto kuliko nyumba inayong'aa isiyotabirika.

Hatua ya tano: andikeni mpango wa siku mbaya

Huu uandikwe siku njema, mzazi akiwa na akili timamu na kalamu mkononi. Karatasi moja inatosha. Mtoto ashiriki, si kwa hisani: Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na hakuna jambo linalomhusu kuliko mahali atakapolala mama akilazwa.

Karatasi hiyo ijibu maswali haya:

1. Mzazi anapoanza kuzidiwa, huwaje? Kila mtu ana njia yake: mmoja haogi, mwingine anasafisha nyumba saa nane usiku, mwingine anaanza kununua vitu ovyo. Watoto huzijua dalili hizi kuliko madaktari. Waulizeni.
2. Mtoto ampigie nani? Majina matatu kwa mpangilio, na namba zao. Wa tatu awe mtu wa nje ya familia au simu ya msaada kwa watoto, kama ipo nchini kwenu.
3. Atalala wapi, na nani atampitia mdogo wake? Ndugu wasitenganishwe kama kuna njia yoyote.
4. Nini kimo kwenye begi? Nguo, daftari, dawa zake kama anazo, na kitu kimoja anachokipenda.
5. Mzazi mwenyewe anaomba nini? Pengine: "Msiwalete watoto kuniona siku tatu za kwanza." Au: "Nipigieni simu nisikie sauti zao hata kama sijibu."

Ongezeni neno moja la siri ambalo mtoto akilituma kwa ujumbe, mtu mzima anakuja bila kuuliza maswali. Mtoto aliye katikati ya tafrani hawezi kueleza, lakini neno moja anaweza kulituma. Kwa asiyejua kusoma, chora rangi tatu: kijani mama yuko sawa, njano anaanza kuzidiwa, nyekundu mpigie shangazi.

Halafu fanyeni mazoezi. Mtoto apige simu kweli, shangazi apokee kweli. Kila baada ya miezi michache pitieni karatasi hiyo upya. Mpango wenye namba ya mtu aliyebadilisha laini mwaka jana ni karatasi ya kufungia maandazi.

Hatua ya sita: mpunguzie mzigo, lakini usimvue heshima

Katika nyumba nyingi za namna hii utamkuta mtoto aliyegeuka mzazi. Anapika, anaogesha wadogo zake, anawajibu wadai mlangoni, anahesabu vidonge vya mama. Watu humsifu: "Huyu ana akili ya mtu mzima!" Sifa hiyo ni kamba nyingine shingoni mwake. Baadhi ya nchi zimeanza kumtambua mtoto huyu kisheria; England, kwa mfano, ilitunga mwaka 2014 sheria inayozitaka mamlaka za mtaa kutathmini mahitaji ya mtoto anayemhudumia mgonjwa nyumbani.

Jinsi ya kujua kazi ipi ni yake na ipi siyo? Mimi hutumia swali hili: mtoto asipoifanya leo, kuna mtu atadhurika? Kuosha vyombo: hapana, vitanuka kidogo tu. Kufagia: hapana. Kukesha akimlinda baba asijiumize: ndiyo. Kusimamia dozi: ndiyo. Kuamua kama mama apelekwe hospitali: ndiyo. Zenye "ndiyo" zichukuliwe na mtu mzima, zote, bila kumbakishia hata moja.

Ila usimpokonye kila kitu siku moja. Kazi zile zimempa mahali pa kusimama wakati kila kitu kilipokuwa kinayumba, na anazionea fahari. Ukiingia na ufagio wako na kumwambia "nenda kacheze", atahisi ameachishwa kazi. Mwulize: "Kati ya hizi, ipi inakuchosha zaidi? Nipe hiyo kwanza." Ipo pia kazi isiyoonekana: kumsikiliza mzazi akieleza madeni, ugomvi wa ndoa, na mawazo ya kufa. Hiyo ndiyo nzito kuliko zote. Mtafutie mzazi mtu mzima mwenziwe wa kumwambia hayo, na umweleze bila kumfokea kwa nini mtoto asiwe yeye.

Hatua ya saba: shule

Mwalimu mmoja anatosha. Mzazi akikubali, mwambieni mambo matatu tu: kuna ugonjwa nyumbani, mtoto anaweza kuchelewa au kusinzia, na nani apigiwe simu. Hahitaji jina la ugonjwa. Mwombeni pia kitu kimoja mahususi, kama ruhusa ya mtoto kupiga simu nyumbani wakati wa mapumziko. Watoto wengi hawa hawafuatilii somo kwa sababu masikio yao bado yako mlangoni mwa nyumba yao. Simu ya dakika moja huyarudisha darasani.

Hatua ya nane: kulazwa, na kurudi nyumbani

Kabla ya kumpeleka mtoto kumwona mzazi wodini, nenda wewe kwanza. Angalia kama mzazi yuko katika hali ya kuonekana, na kama pana sehemu tulivu ya kukaa nje ya wodi. Kisha mwandae mtoto: "Baba anaongea polepole kwa sababu ya dawa. Mikono inaweza kutetemeka. Pengine hatacheka. Tutakaa dakika kumi na tano, na ukitaka kuondoka mapema nishike mkono." Akikataa kwenda, asilazimishwe. Apeleke mchoro, au ujumbe wa sauti.

Kurudi nyumbani ndiko watu hukusahau. Kila mtu anashangilia, mtoto peke yake anamtazama mzazi kwa jicho la pembeni. Anaogopa kufurahi. Anamwamsha usiku kuona kama anapumua. Yule wa miaka kumi na tatu aliyekuwa akiendesha nyumba sasa anaambiwa "sasa mimi ndiye mama", na anakuwa mkaidi. Huo si utovu wa adabu; amepokonywa uongozi na hajaamini bado kwamba aliyeuchukua ataumudu. Mzazi arudi kwenye nafasi yake kidogo kidogo, aanze na jambo moja analoweza kulifanya kila siku bila kukosa, hata likiwa ni kusuka nywele au kukagua daftari. Na amwambie mtoto kwa mdomo wake: "Nimeona ulivyofanya. Asante. Sasa nitakuwa nachukua hili."

Hatua ya tisa: mwangalie mtoto mwenyewe

Mtoto anayevunja vitu na kupigana huonwa haraka. Ninayemhofia zaidi ni yule mtulivu, wa kwanza darasani, asiyeomba kitu, anayecheka upesi ukimtazama. Mwulize na yeye.

Mtafutie msaada wa mshauri nasaha au daktari kama kwa zaidi ya wiki mbili hapati usingizi au hakubali kulala peke yake, amerudia kukojoa kitandani, anaumwa tumbo au kichwa kila asubuhi ya shule bila sababu inayoonekana, ameacha vitu alivyovipenda, au alama zimeporomoka ghafla. Usingoje wiki hata moja kama anajikata, anasema bora asingezaliwa, au ameanza pombe. Na usiogope kumwuliza wazi kama amewahi kufikiria kufa. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humwonyesha kwamba kuna mtu anayeweza kulisikia jibu lake.

Hatua ya kumi: baki

Mwaka 1955 watafiti walianza kuwafuatilia watoto wote 698 waliozaliwa mwaka huo katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, wakaendelea nao hadi utu uzima. Takriban theluthi moja walikulia katika hatari nyingi kwa pamoja: umaskini, ugomvi wa nyumbani, mzazi mwenye ulevi au ugonjwa wa akili. Na theluthi moja ya hao wa hatari, Emmy Werner na wenzake waliona, walikua wakawa watu wazima wanaojiamini, wanaofanya kazi na kujali wenzao. Moja ya mambo waliyokuwa nayo ni mtu mzima angalau mmoja aliyesimama nao bila kuyumba. Si lazima awe mzazi. Bibi, mwalimu, jirani.

Kwa hiyo chagua kiasi kidogo unachokimudu na ukishike. Saa mbili kila Jumamosi ni bora kuliko wiki nzima ya huruma ikifuatwa na miezi mitatu ya kimya. Saa hizo zisiwe za kuongelea ugonjwa tu; mfundishe kupiga pasi, mcheze bao, mtengeneze baiskeli. Ukisema saa nne, iwe saa nne. Ukiona utachelewa, piga simu kabla. Usimseme vibaya mzazi wake mbele yake, hata siku ambayo mzazi huyo amekutukana mlangoni, maana nusu ya mtoto huyo ni mzazi wake na atalisikia tusi hilo kama lake.

Na ikitokea unahama, au mambo yako yamebana na huwezi kuendelea, usififie polepole ukitumaini hataona. Mwambie wewe mwenyewe, wiki kadhaa kabla, mtambulishe kwa anayechukua nafasi yako, na mkutane watatu mara mbili au tatu kabla hujaondoka.